Shajara ya mradi: miwani ya kurekodi macho kwa utafiti wa kizunguzungu, Nairobi

11 Januari 2025: Tunachojenga

Tunajenga miwani yenye kamera ndani, itakayorekodi mwendo wa jicho na mwendo wa kichwa kwa wakati mmoja. Ni ya kufundishia na ya utafiti wa mfumo wa vestibula, yaani mfumo wa sikio la ndani unaolinda mizani ya mwili. Mashine za hospitali za kazi hii zipo na zinafanya vizuri, lakini bei yake inazifungia kwenye vituo vichache. Timu yetu ni ndogo: mimi kwenye vifaa na programu, daktari wa masikio, pua na koo, na mtaalamu wa fiziotherapia ambaye kila wiki hupokea watu wanaolalamika kwamba dunia inawazunguka.

Kwa atakayetaka kuiga, haya ndiyo ya msingi. Kila sikio la ndani lina mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji, na vifuko viwili vyenye chembe ndogo za kalsiamu kaboneti. Kichwa kikigeuka, majimaji ya mfereji huchelewa kidogo, yakasukuma utando wenye vinyweleo, na neva ikapeleka habari kwenye shina la ubongo. Kutoka sikioni hadi kwenye misuli ya jicho ni mfululizo wa neva tatu tu, ndiyo maana jicho huanza kujibu katika muda usiozidi milisekunde 10 hivi. Kufuata kitu kwa kukitazama huchukua zaidi ya milisekunde 100. Shika simu usome ujumbe huku ukitikisa kichwa: maandishi yanasomeka. Kisha tuliza kichwa uitikise simu kwa kasi ileile, na herufi zitavurugika. Hiyo tofauti ndiyo kazi ya sikio.

Kuna watu walioipoteza kazi hiyo pande zote mbili. Streptomaisini, dawa iliyotumika miaka mingi kutibu kifua kikuu, na jentamaisini inayochomwa mpaka leo, zote zinaweza kuua vinyweleo hivyo. Mtu wa namna hiyo huenda asihisi kizunguzungu hata kidogo. Atakwambia tu kwamba akitembea barabara inarukaruka, akisimama inatulia. Vipimo vya kusikia vikitoka safi, hurudishwa nyumbani na kuambiwa hana kitu. Mradi huu ulizaliwa kwa ajili yao.

25 Januari 2025: Kamera ya kwanza, na mboni isiyoonekana

Tulianza na kamera ya kawaida ya kompyuta kutoka Luthuli Avenue, shilingi 1,800, ikafungwa kwenye miwani ya kuogelea ya shilingi 450. Programu iliandikwa kwa OpenCV, maktaba ya programu ya kuchambua picha: tafuta doa jeusi lenye umbo la duara, chukua kitovu chake, andika kilipo katika kila fremu.

Haikupata doa lolote. Mifano mingi tuliyoifuata ilijaribiwa kwenye macho ya bluu na kijivu. Macho yetu ni ya kahawia iliyokolea, na kwenye mwanga wa kawaida mboni na duara linaloizunguka hutoka weusi mmoja. Programu ilikuwa ikirukia kivuli cha kope, mara nyusi, mara ukingo wa miwani.

Dawa yake ni mwanga wa infraredi. Melanini hufyonza mwanga huo kwa kiasi kidogo, kwa hiyo duara la kahawia hugeuka kijivu cha kung'aa na mboni hubaki shimo jeusi tititi. Tulifungua lenzi, tukabandua kile kioo chembamba kinachozuia infraredi, tukaweka taa mbili ndogo za LED za nanomita 850. Picha ya kwanza ilipotokea daktari alinyamaza akiitazama, kisha akasema, "Hii hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataiona."

Kilichofuata kikatuondolea kamera hiyo kabisa. Kwenye giza la ndani ya miwani ilikuwa ikirefusha muda wa kila fremu yenyewe ili picha ing'ae, na idadi ya fremu kwa sekunde ikishuka bila taarifa. Muundo ule haukuruhusu kufunga mpangilio huo. Ukinunua yako, jaribu hilo dukani kabla hujalipa.

Wanja na maskara pia vinaharibu kipimo: navyo ni vyeusi kwenye infraredi, na programu huvidhania mboni. Tunaweka pamba na mafuta mezani, na tunamweleza mtu mapema ili asije kuaibika mbele ya watu.

15 Februari 2025: Raspberry Pi, na mwanga mwekundu

Tulihamia Raspberry Pi 4 iliyotumika, yaani kompyuta ndogo ya ubao mmoja, na kamera yake ya NoIR, toleo la 2, ambayo inatoka kiwandani bila kizuizi cha infraredi. Kwa picha ya pikseli 640 kwa 480 inatoa fremu 90 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 11. Mashine nyingi za hospitali za kupima msukumo wa kichwa, kipimo nitakachokieleza mbele, hufikia 250. Kwetu 90 inatosha kuanzia, mradi ujue mipaka yake.

Kamera inakaa upande wa chini wa jicho la kulia ikitazama juu kwa mshazari, ili mtu aweze kuona ukuta mbele yake. Kwa vipimo vya giza tunabandika kifuniko cheusi kwa velkro.

Giza lenyewe ndilo lililotupa shida. Jicho likipata kitu cha kukazia, ubongo huzima sehemu kubwa ya nistagmasi inayotoka sikioni, yaani ule mwendo wa jicho kuteleza polepole upande mmoja na kuruka kurudi. Ndiyo maana hupimwa gizani. Tulimzungusha mwenzetu kwenye kiti cha ofisi, tukakisimamisha ghafla, tukatazama. Nistagmasi ilianza vizuri, kisha ikakatika mapema mno. Tukabadilisha kasi ya kiti, tukabadilisha mtu, na hali ikawa ileile. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyeuliza swali la maana: "Ukiwa humo ndani, unaona nini?" Akajibiwa: "Nukta mbili nyekundu."

Taa za nanomita 850 hutoa wekundu hafifu ambao jicho lililozoea giza huuona. Alikuwa amezikazia bila kujua. Tulibadilisha tukaweka za nanomita 940, ambazo hazionekani. Kamera inazipokea kwa unyonge zaidi, kwa hiyo tukaongeza taa moja. Taa ya kijani ya ubao wa sensa ya mwendo wa kichwa nayo ilivuja kupitia tundu la waya, ikazibwa kwa utepe mweusi.

Kuhusu usalama tusifanye mzaha. Mwanga usioonekana haumfanyi mtu apepese wala mboni ijifinye, kwa hiyo jicho halina namna ya kujikinga. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62471 kinaweka kikomo cha wati 100 kwa mita ya mraba kwenye konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho, pale mwanga unapodumu zaidi ya sekunde 1,000. Tulipunguza mkondo kwa rezista, tukapima mahali jicho linapokaa kwa kipima nguvu ya mwanga cha kuazima, na tuko chini sana ya hapo. Usiruke hatua hii kwa sababu eti taa ni ndogo.

8 Machi 2025: Miwani inayoteleza

Sensa ya mwendo wa kichwa ni MPU-6050, imebandikwa juu ya fremu. Inasomwa na Arduino Nano, ubao mdogo wa kudhibiti vifaa, na tumeiweka kwenye kipimo cha nyuzi 500 kwa sekunde. Tunaisawazisha kwenye sifuri kabla ya kila jaribio, kwa sababu joto huisogeza. Kufikia hapa hakukuwa na tatizo.

Tatizo ni kwamba miwani yenyewe haikutulia. Katika kipimo cha msukumo wa kichwa, kilichoelezwa na Halmagyi na Curthoys mwaka 1988, mtu hukazia nukta ukutani, na mpimaji humgeuza kichwa ghafla kwa pembe ndogo, nyuzi 10 hadi 20, upande asioutarajia. Kasi hufika nyuzi 150 hadi 300 kwa sekunde. Kwa mshtuko huo miwani ikisogea hata milimita moja juu ya uso, kamera inaona jicho limesogea. Jicho halijaenda popote.

Miwani ya kuogelea ilikuwa inanyonya uso ikaacha alama, na bado ikasogea. Gikomba, kwenye marundo ya mitumba, tulipata miwani ya watelezaji wa theluji kwa shilingi 700: ni mipana, na ina povu pande zote. Povu lake lilikuwa limelegea, tukaongeza la muuza soli za viatu. Mshipi wa kitambaa tulioukuta ulikuwa unavutika, tukaweka ukanda uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Fundi wa Kamukunji alitengeneza kishikilia kamera cha bati jepesi kwa shilingi 1,500, baada ya kile cha waya kutetemeka.

Kichwa cha mtu nacho kina mambo yake. Juu ya misuko mshipi huteleza kama uko kwenye kamba, na juu ya wigi ni bure kabisa. Kwa mwenye misuko tunapitisha mshipi chini ya fundo, ukishika shingoni. Kwa mwenye wigi tunamwomba aivue, na tunampa chumba chenye mlango unaofungwa. Kwa anayevaa hijabu, mwenzetu wa kike humfungia mshipi ndani ya kitambaa, kichwa kikibaki kimefunikwa. Mwongozo wa mashine tuliousoma haukugusia lolote kati ya haya, lakini hapa Nairobi usipoyajua hutapima nusu ya wanaoingia mlangoni.

Ili kuukamata utelezi, tunabandika kipande kidogo cha plasta nyeupe kwenye mfupa wa pua, ndani ya picha. Programu hufuatilia plasta pamoja na mboni. Plasta ikihama, msukumo ule unatupwa. Ngozi nayo husogea kidogo, kwa hiyo tumeacha nafasi ya kuvumilia.

5 Aprili 2025: Saa mbili zisizoafikiana

Ingizo hili lisome taratibu, kwa sababu hapa ndipo kifaa kilikuwa kinatoa namba nzuri za uongo.

Tunachotafuta ni uwiano: kasi ya jicho igawanywe kwa kasi ya kichwa. Kwa mwenye afya huwa karibu na 1, na wengi hutumia 0.8 kama mpaka wa chini kwa mifereji ya mlalo. Sisi watatu tulipojipima tulipata takriban 0.6, pande zote mbili. Kwa hesabu hiyo timu nzima ilikuwa wagonjwa, na hakuna aliyewahi kuona barabara ikiruka.

Daktari hakuitazama namba. Aliitazama grafu, akaweka kidole kwenye skrini. "Mruko uko wapi?" Kama sikio kweli limeshindwa, jicho hubebwa na kichwa, hupoteza nukta, na ni lazima liruke kuirudia. Mruko huo huonekana kwenye grafu kama mwiba. Kwetu hapakuwa na mwiba hata mmoja. Uwiano wa chini bila mruko wa kurudi ni ushahidi kwamba namba ina kasoro, si sikio.

Kasoro ilikuwa muda. Sensa ya kichwa inasoma saa ya Arduino. Kamera ilikuwa ikiandikiwa saa ambayo programu imeipokea fremu, na kati ya mwanga kugusa kamera na programu kupata picha kuna safari. Chukua mfano: kichwa kinaongeza kasi kwa nyuzi 3,000 kwa sekunde kila sekunde, jambo la kawaida katika msukumo mzuri. Baada ya milisekunde 40 kichwa kiko nyuzi 120 kwa sekunde. Rekodi ya jicho ikichelewa milisekunde 10 tu, itaonyesha 90. Gawanya upate 0.75. Mtu mzima wa afya ameshavuka mpaka wa ugonjwa kwa kuchelewa kusikofika hata fremu moja yetu.

Uzito wake uko kwa mgonjwa. Mwaka 2009 Kattah na wenzake walionyesha kwamba kwa mtu mwenye kizunguzungu kikali kisichokatika na nistagmasi, kipimo cha msukumo kinachotoka safi ndicho cha kuogofya, kwa kuwa kinaelekeza kwenye kiharusi cha nyuma ya ubongo. Kinachotoka kibaya, chenye mruko, huelekeza zaidi kwenye neva ya sikio, na husomwa pamoja na ishara nyingine mbili za macho. Kifaa kinachomfanya mzima aonekane mbovu kinaweza kumfanya mwenye kiharusi aonekane ana sikio tu, arudishwe nyumbani na vidonge. Kwa hiyo milisekunde 10 hatuzichukulii kama usahihi wa kujionyesha.

Marekebisho yalikuwa haya. Kwanza, taa ndogo iliwekwa kwenye kona ya picha ya kamera, ikiwashwa na Arduino ileile inayosoma sensa, kwa vipindi visivyo sawa. Fremu ambayo taa inaonekana kuwaka inatuambia saa mbili zinapishana kiasi gani. Jibu: karibu milisekunde 40, na mbaya zaidi, kiasi hicho kilikuwa kinabadilika. Pili, tuliacha saa ya programu tukatumia alama ya muda inayotolewa na kamera yenyewe kwa kila fremu. Tatu, tuligundua kadi ya kumbukumbu ilikuwa ikizuia foleni kila inapoandikiwa video, kwa hiyo sasa video hukaa kwenye kumbukumbu ya muda mpaka jaribio liishe ndipo ihifadhiwe. Nne, uwiano tunaupata kwa kulinganisha eneo lote chini ya mikunjo miwili ya kasi, si nukta moja ya wakati, kwa sababu eneo haliyumbishwi sana na kuchelewa kidogo.

Baada ya hapo tofauti iliyobaki haizidi nusu ya fremu, na sote watatu tulitoka juu ya 1. Juu kidogo mno, kwa kweli: 1.15 hivi. Chumba chetu ni chembamba na nukta ilikuwa sentimita 60 kutoka machoni. Jicho liko takriban sentimita 10 mbele ya mhimili wa shingo, kwa hiyo kwa kitu cha karibu ni lazima lizunguke zaidi ya kichwa: 10 kwa 60 ni 0.17, na hiyo ndiyo ziada yetu. Tulihamia kwenye korido, nukta ikawekwa mita moja na nusu, namba ikashuka ilivyotarajiwa. Hilo lilitupa imani kuliko jaribio lingine lolote, maana kifaa kilikuwa kimeanza kutii jiometri.

26 Aprili 2025: Kiti, giza, na kile programu isichoona

Tulirudia kiti cha kuzunguka. Kichwa kinainamishwa mbele nyuzi 30 hivi, ili mfereji wa mlalo ulale sawasawa na sakafu. Ukimzungusha mtu kulia, miruko ya jicho inaelekea kulia. Ukisimamisha, inageuka kushoto. Grafu ilitoka meno ya msumeno safi, yakififia polepole. Tukifungua kifuniko aone ukuta, meno yanapungua mara moja.

Robert Bárány alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa kazi yake juu ya mfumo wa vestibula, kikiwemo kipimo cha maji ya moto na baridi sikioni, ambacho bado kinatumika, kwa nyuzijoto 44 na 30, saba juu na saba chini ya joto la mwili. Sisi hatutakifanya hapa. Ni cha kliniki, na eneo letu ni korido.

Lipo pengo moja kubwa. Kitovu cha mboni kinatueleza mlalo na wima tu. Katika kizunguzungu cha chembe zilizopotea njia, ambacho Dix na Hallpike walikielezea kipimo chake mwaka 1952 na Epley akachapisha namna ya kuzirudisha mwaka 1992, jicho hujipinda kuzunguka mhimili wake. Jicho likijipinda hivyo kitovu cha mboni hakihami, na programu yetu haiuoni mpindo huo. Kwa hiyo kila video inahifadhiwa na kutazamwa na daktari, hata pale grafu inaponyooka.

Stima ilipotea katikati ya jaribio, faili likaharibika. Sasa kifaa kinatumia pawabenki.

17 Mei 2025: Gharama na hatua inayofuata

Vilivyotupwa: kamera ya kwanza na miwani ya kuogelea, 2,250. Vilivyobaki kwenye kifaa: Raspberry Pi 9,000, kamera ya NoIR 4,200, kadi ya kumbukumbu 1,100, Arduino Nano 900, sensa 450, taa na rezista 300, miwani ya mtumba 700, povu, tyubu na gundi 350, kishikilia cha fundi 1,500, pawabenki 2,000. Jumla ya kifaa ni shilingi 20,500, na ukiongeza vilivyotupwa ni 22,750. Muda wetu haumo.

Kipimo cha nyuzi kwa pikseli, yaani pikseli moja ya picha ni mzunguko wa jicho wa nyuzi ngapi, tunakipata kwa nukta ukutani: kwa umbali wa mita moja, nyuzi 10 ni sentimita 17.6. Kirudie kwa kila mtu na kila anapovaa upya. Usimgeuze kichwa kwa ghafla mtu mwenye jeraha au maumivu makali ya shingo. Dirisha lenye jua lifungwe pazia, kwa sababu jua limejaa infraredi na hufuta mboni kwenye picha.

Mpaka sasa tumepima wanatimu peke yao. Maombi ya kamati ya maadili yameandikwa, na baada yake ni kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Video ya jicho ni data ya mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatuhusu moja kwa moja, kwa hiyo faili zina namba bila majina, na ufunguo wa kuoanisha uko kwa daktari, kwenye karatasi, kabatini. Tukiruhusiwa, hatua ya kwanza ni kuwapima watu walewale kwa kifaa chetu na kwa mashine ya hospitali siku hiyohiyo, wakiwemo waliopoteza vestibula pande zote mbili. Kwao uwiano unapaswa kuwa chini na miruko iwepo. Tukipata namba ya chini bila miruko, tunarudi kwenye taa ya kona na kuanza kuhesabu milisekunde upya. Kabla ya ulinganisho huo hakuna mgonjwa atakayeamuliwa lolote kwa miwani hii.